Mbuzi ya Sinza

Jumapili, Kigamboni

Eti niitupe! Mbuzi ya kukunia nazi aliyoichonga baba kwa mkono wake, uani kwetu Sinza, leo wifi anasema itatutia aibu kwenye nyumba mpya. "Mama anakuja, wifi. Si una blenda?"

Nakiri, niliogopa. Nikaificha stoo.

Mama mkwe kaingia, tukamwamkia, kayapita makochi yote mapya mpaka jikoni. "Ile mbuzi ya Sinza iko wapi?"

Niliifuata mbio! Akajifunga kanga vizuri, akaikalia, akakuna nazi mbili mwenyewe. Wifi ndiye aliyekinga sinia.

Mie nacheka peke yangu mpaka sasa. Maana wali ulipoiva, mama mkwe alionja, akatutazama wote, akasema, "Sasa ndo mmehamia."