Kiambatisho Namba Moja

Kasongo, Jumanne. Mawingu tangu alfajiri, wala mvua hainyeshi.

Kwako, shajara, na kwenu wasomaji waheshimiwa mnaoufungua ukurasa huu mtandaoni,

Baada ya salamu, dhumuni langu ni kuandika jambo nililolikuta jana katika biro, yaani ofisi, ya kamati ya ukumbi wa mtaa wetu. Ninaliandika nikiwa na hasira bado, kwa maana nikipoa nitaanza kumtetea aliyenikosea.

Kwa miaka mingi nilipaka rangi za maji juu ya karatasi isiyozidi daftari la shule. Mwaka huu niliagiza karatasi ya roli, ile inayouzwa imeviringishwa, kutoka Bukavu, ikafika imefungwa juu ya pikipiki kama mgonjwa, nami nikaanza michoro yenye ukubwa wa mlango. Sasa ninapaka nimesimama, kwa burashi ya chokaa, na bega linauma hadi usingizini.

Karatasi kubwa haina subira. Anga lote lapasa kupakwa kwa mkupuo mmoja, kabla ukingo haujakauka. Ukichelewa, unabaki mstari usiofutika. Nyumbani sina meza ya kuitosha. Uani, jua hukausha upande wa kushoto kabla sijafika kulia. Ndiyo sababu mimi, ambaye mtaa mzima huniita fundi wa barua, niliiandikia kamati barua ya kuomba ukumbi, wenye kivuli na meza ndefu, asubuhi tatu kila juma.

Chini ya barua niliandika: "Kiambatisho namba moja: mchoro." Ulikuwa mchoro wangu mkubwa wa kwanza, akina mama wa soko wakishusha mihogo kutoka kwenye baiskeli, mvua ikiwakaribia. Niliupeleka umeviringishwa ndani ya kitenge, ili kamati ijionee ninahitaji nafasi kiasi gani.

Jana nilikwenda kuuliza jibu. Papa Amisi, mwandishi wa kamati, akafungua kabati, akatoa farde ya kutunzia barua, na ndani ya farde akautoa mchoro wangu.

Ulikuwa umekunjwa, ukakunjwa tena na tena, hadi kufikia kipimo cha farde. Katikati ya anga, muhuri wa zambarau.

"Papa Amisi, nini hii?"

"Iko kiambatisho, Papa. Mwenyewe uliandika. Kila kiambatisho inaingia mu farde, inapigwa muhuri. Ama ulitaka nikujengee farde sawa mulango?"

Waliokuwa wakingoja kwenye benchi wakacheka. Mmoja akasema, "Fundi wa barua, leo barua imemufunga!"

Nikauliza jibu la mwenyekiti.

"Aliona mchoro hapa hapa mu farde. Akasema: kitu inaenea humu, inaomba salle, ukumbi muzima, ya nini?"

Nikauchukua mchoro wangu, nikaondoka nao.

Karatasi imevunjika kwenye mikunjo. Rangi yoyote ikipita hapo itatuama kama maji machafu mferejini. Muhuri nao ukiguswa na maji utavuja. Mchoro umekufa, na maiti yake ndiyo iliyotoa ushahidi dhidi yangu.

Nilipofika nyumbani, mke wangu aliutandaza kitandani, akaupapasa, kisha akasema: "Baba Riziki, 'kwa unyenyekevu mkubwa' uliandika mara tatu mu barua moja. 'Musikunje' ndiyo ilikushinda?"

Nilimkasirikia yeye pia. Kisha nikaisoma nakala ya barua yangu. Ni mara nne.

Hata hivyo, sikubali kwamba kosa la neno moja liwe hukumu ya kazi yangu. Roli ingali na karatasi, na sitairudia kazi ya kipimo cha daftari. Nimejaribu leo asubuhi: mkono umekataa.

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti, ambaye nasikia binti yake humsomea ukurasa huu:

Uliuona mchoro ukiwa umekunjwa. Kabla ya kukunjwa ulikuwa na kimo chako. Naomba ukumbi, asubuhi tatu kila juma, kuanzia Jumatatu ijayo. Naomba uamuzi wako kwa maandishi: ndiyo au hapana.