Herufi kwenye Paji la Uso

Jumanne, 14 Oktoba 1997

Eti kwa rangi ya mdomo. Bado nawaza.

Tangu Ijumaa namficha bosi wangu, Bi Zuhura, kwamba robota la kwenda Dar nimeliandika Mombasa. Akinifukuza, sina kibali cha kubaki hapa Guangzhou.

Leo bibi mmoja Mmarekani alileta vikombe ofisini tumsafirishie. Akaniona naandika alama kwenye marobota. Akasema wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa muuguzi wa jeshi, na yeye pia aliandika alama. Askari akishachomwa sindano ya mofini, ile dawa kali ya maumivu, alimwandikia M kwenye paji la uso kwa rangi ya mdomo, asije akachomwa ya pili ikamuua.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Umri wangu.

"Hukuwahi kusahau?" nikamuuliza.

"Mara moja. Nikakimbia kumwambia daktari kabla woga haujanishika. Alinitukana sana. Askari alipona."

Nilitazama vidole vyake vikifunga kamba ya boksi. Vidole hivyo viligusa nyuso za... sijui hata niandikeje.

Alipoondoka tu, nikamwendea Bi Zuhura nikamwambia yote. Aliweka kalamu chini.

"Ijumaa mpaka leo umekaa nalo?"

"Niliogopa, bosi."

"Na meli inapakia kesho." Akachukua mkoba wake. "Inuka, mwana balaa we, twende bohari kabla hawajafunga."