Peremende za Waridi za Shangazi

Baba Watoto,

Saa kumi na moja alfajiri, zile peremende laini za waridi zilikuwa bado uji kwenye trei. Jana dada yako aliichemsha jelatini, ule unga wa kugandishia, na jelatini ikichemshwa haigandi vizuri. Nilipofungua mdomo kumwonya, binti yetu akanikatiza: "Mama, tuache! Malkia wa kwenye kitabu changu cha hadithi huzipika kwa uchawi, hapimi kwa mizani. Shangazi ndiye anajua." Wakacheka. Na wewe ukacheka.

Nimeupasha ule uji kwa moto mdogo, nikaongeza jelatini niliyoiloweka, nikarudisha trei kwenye friji. Zikate kwa kisu ulichokichovya kwenye maji ya moto, kisha uzivingirishe kwenye sukari ya unga. ~~Mwambie binti yako nani aliyeziokoa.~~ Usimwambie kitu.

Chai imo kwenye chupa. Futa meza, sisimizi wameshapata habari.

Ameamka sasa hivi. Amemega kipande hata mswaki hajapiga, akampigia shangazi yake simu: "Shangazi, zimeganda! Si nilimwambia Mama?"

Mama yake