Mizinga Minane ya Chuma

Kaka yangu,

Nakusalimu wewe, namsalimu wifi yangu, na watoto wote mmoja mmoja, mkubwa asiseme nimemsahau. Naomba barua hii ikukute mzima, na huo mgongo uliolalamikia mara ya mwisho uwe umekuachia angalau usingizi. Sisi huku hatujambo, kwa maana ya kwamba tunaamka. Mama anakula, anasali, anagombana na majirani, basi ni mzima. Mimi nimechoka. Siumwi mwili, nimechoka tu, na nimekaa hapa karakanani kwenye meza ya baba, mashine zote nimezizima, nina kalamu ambayo nayo imegoma mara mbili. Ukiona maandishi yanapinda, usidhani nimeanza ulevi uzeeni.

Nianze na habari ndogo ndogo. Paa la stoo linavuja palepale ulipoliziba wewe. Yule fundi wa kusugua tuliyembatiza Mzee Eti, kwa kuwa kila ukimwambia neno anakujibu "Eti?", bado anakuja kazini. Mashine imeshamla masikio yote mawili, lakini akikusugulia shaba unaweza kunyoa ndevu ukijitazama humo. Wateja wa siku hizi hawana adabu, hawapigi kengele ya mlangoni, wanakuzukia tu mgongoni kama wezi. Mama naye ana vituko vyake. Ananidai chandarua kipya, nami namwambia chandarua cha nini, mwaka huu mbu hawapo kabisa, labda wamehamia kwenu. Ananitazama, anajikuna.

Sasa nikueleze kilichonikalisha hapa.

Alikuja mkuu wa bendi ya zimamoto, mtu mfupi ambaye hata akiomba maji ya kunywa anaamrisha. Alitaka ngoma ndogo nane, hizi zetu zenye nyaya chini, na mizinga yake, yaani viwiliwili vyake vya mduara, iwe ya shaba ya njano kama zile alizowatengenezea baba. Alisema za baba zimechakaa sasa, na kwamba wao hupiga zaidi ndani ya ukumbi, hasa wanapomuaga mwenzao aliyefia kazini. Kwa hiyo wanataka mlio mnene, wa kumshika mtu moyo bila kumtoboa.

Kaka, shaba imeadimika mno. Nilizunguka kwa wauza bati wote, nikapata kipande cha kutosha mizinga miwili, basi. Chuma kilikuwapo tele. Nikamwambia yule bwana, tena kwa kujiamini, kifua mbele, kwamba chuma cha siku hizi kimestaarabika, si kile kilichokuwa kikiwika zamani. Alikunja uso, lakini akasema kama mtoto wa mzee yule ndiye asemaye, yeye ni nani abishe.

Wewe huhitaji kufundishwa, ila nayaandika haya ili ujue sikuyasahau. Baba alitusomesha kwamba mzinga wa alumini ni mkavu, unasema neno moja na kufunga mdomo. Shaba nyekundu inanguruma chini chini kama mzee anayesafisha koo kabla ya kusema. Shaba ya njano inajaza chumba bila kumsukuma mtu. Chuma kinakata, na kikishakata bado kinaacha mkia, ule mlio mwembamba unaoning'inia juu hewani. Uwanjani chuma ni mali, kinafika mbali. Ukumbini ni adhabu.

Basi niliukunja mzinga wa kwanza wa chuma, nikauchomelea, nikauning'iniza kwenye waya wa baba pale dirishani, nikaugonga kwa kifundo cha kidole. Loo, ulikuwa mtamu! Nikaning'iniza na wa shaba kando yake, nikagonga huu, nikagonga ule. Mapacha. Sikuona tofauti hata ya kulipia nauli. Nikamuuliza Mzee Eti anaonaje, akanijibu unavyojua mwenyewe atakavyojibu. Nikacheka peke yangu, nikatengeneza minane yote ya chuma, nikaivisha ngozi na nyaya, nikaifunga kwa magazeti kama zawadi.

Wiki haikuisha lori jekundu likasimama mlangoni petu, nikadhani tunaungua. Wakashusha ngoma zote nane. Yule mkuu wa bendi hakupaza sauti, na hapo ndipo nilipojua kuna jambo. Alinieleza kwamba walikuwa wakimuaga kijana wao aliyeangukiwa na ukuta, ukumbi umejaa, na wapigaji walipoanza tu, mjane aliziba masikio kwa viganja vyote viwili. Watoto nao wakamuiga. Ikabidi awanyamazishe wapigaji, jeneza likatoka kimya bila ngoma hata moja. Alisema hakuja kugomba. Alitaka tu kujua ngoma zile zilinipitaje mimi, mimi ninayeitwa Sikio.

Nilimjia juu, kaka. Nililaumu ngozi, nikalaumu fimbo zao, nikalaumu kuta za ukumbi, nikasema wapigaji wake wana mikono ya kupasulia kuni. Nikamwambia kama mlio ule ni mkali basi na asali ni chungu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Akasema mwezi ujao watamfanyia marehemu kumbukumbu mbele ya familia ileile, na anataka safari hii wapigiwe ngoma inavyopasa. Shaba ameshaipata yeye mwenyewe, ataileta. Nikishindwa, atakwenda kwingine, na kila bendi itajua kwa nini. Akaaga kwa heshima, na hiyo heshima iliniuma kuliko tusi.

Mama alikuwa ameyasikia yote kutoka dirishani. Alinijia jioni ile na kijiko cha mbao mkononi, akaniambia nigeukie ukuta. Nilidhani masihara. Unaukumbuka ule mchezo, baba anatugeuza ukutani, anagonga mizinga, nasi tunataja: alumini, chuma, shaba. Wewe ulikuwa ukizichanganya shaba mbili, na mimi nakuzomea mpaka unanifinya. Ndio mchezo ulionipa jina, na ndio uliokufanya useme, baba aliponiachia mimi karakana, kwamba sikio halipiti kichwa, wewe ndiye mkubwa, ilipasa iwe yako. Nikageuka ukutani, mtu mzima mwenye mvi, kwa sababu mama akishika kijiko hakuna mjadala.

Akagonga, nikasema shaba nyekundu. Akagonga tena, nikasema alumini. Akagonga tena, nikasema shaba ya njano. Akagonga tena, nikasema hiyo hiyo, ya njano, mbona unarudia? Nilipogeuka nilimkuta ameshika mzinga wa chuma, na wa shaba ulikuwa mezani, mbali na mkono wake. Mara zote mbili alikuwa amegonga chuma, kaka. Machozi yanamtoka na kijiko bado amekinyanyua.

Nikamwambia labda nimechoka. Akaniambia, taratibu, kwamba birika hupiga filimbi jikoni mpaka maji yanakauka, nami nimekaa hatua mbili tu nasoma gazeti. Kwamba kengele ya mlangoni inalia kila siku, wateja wanachoka kuipiga ndipo wanapoingia. Halafu akakunja mkono wa gauni lake akanionyesha ngozi. Imejaa vipele kutoka kiwiko mpaka begani. Mbu wapo, kaka. Wapo kuliko mwaka jana. Nami nimekuwa nikijisifu kwa mtaa mzima.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alinigusia mara nyingi, ila sikio la kufa halisikii dawa, na yeye hakuwa na moyo wa kumwambia binti yake jambo kama hilo kwa kupaza sauti.

Nilikwenda hospitali. Daktari alinivalisha vile vidude masikioni, akaniambia ninyanyue mkono nikisikia mlio. Nilikaa mkono pajani nikidhani bado hajaanza. Alisema sauti nyembamba ndizo hutangulia kuondoka, miaka yote hii ya nyundo na mizinga, na zikishaondoka hazirudi. Nene nitabaki nazo kwa muda. Ndiyo maana chuma kilinidanganya. Kelele yake yote iko kule juu ambako mimi sifiki tena, mimi naletewa tumbo lake tu, na tumbo lake ni tamu kweli.

Basi ndilo hilo. Sikio la karakana ya baba limekufa, na mwenye nalo ndiye wa mwisho kujua. Nimelia, sikufichi. Nimemlilia baba upya. Ulipokuja kwenye hitima yake uliniambia ngoma ile niliyokuwa nikiifunga inapiga mayowe, nikakujibu mbele za watu kwamba majokofu unayotengeneza huko yamekuharibu masikio. Ukaondoka bila kuaga. Ulikuwa unasikia sawasawa, ndugu yangu. Nisamehe.

Sasa naomba, na unajua mimi si mtu wa kuomba. Shaba ya zimamoto imefika, iko hapa miguuni pangu. Mizinga yote minane nitaikunja mimi mwenyewe, mikono bado ninayo, na Mzee Eti atasugua. Lakini hata shaba huwa na makosa yake, kuna mzinga unaotoka na kilio kidogo juu pale bati lilipounganishwa, na baba alikuwa akiurudisha kazini bila huruma. Mimi nitausifu. Nitaufunga kwa magazeti nao utakwenda kumtoboa mjane yule mara ya pili. Hilo siliwezi, afadhali niifunge karakana. Njoo ugonge wewe, mimi nigeukie ukuta. Ukisema ndiyo, nitapachika nyaya. Ukisema hapana, nitarudia, wala sitabisha.

Na ukipenda kubaki, chumba chako kipo, mama hajaruhusu mtu atie hata gunia humo. Jina la Sikio nakuachia, ulichukue kama ulivyolitaka.

Mama anakusalimu, anasema ule, na uje na chandarua. Msalimie sana wifi, umwambie simnyang'anyi mume, naazima masikio yake tu. Wabusu watoto.

Ukifika, kaka, usipige kengele ukasubiri. Sukuma mlango, pita katikati ya mashine, uniguse bega.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekuwa nikikuzomea ukutani