Jani Nililolipokea kwa Mikono Miwili

Kilema, huku juu ya Moshi

Kwa mke wangu Mama Zainabu,

Asalaam aleikum. Barua hii nimeiandika mwenyewe, hakuna mtu aliyenishikia kalamu. Na wewe Mwajuma mjukuu wangu, unayemsomea bibi yako, soma taratibu na usiruke hata pale ambapo hutapapenda. Mnaendeleaje huko Singida? Mvua imeonekana? Yule mbuzi mwenye pembe moja amezaa? Na jicho lako, mke wangu, ule ukungu umebaki palepale au umeshahamia na la pili? Mimi ni mzima. Baridi ya huku inaingia mpaka kwenye mifupa lakini nimeishinda, vijana wanakohoa, mimi natembea kifua wazi.

Simu sikupiga kwa sababu kwenye simu ungeniuliza neno moja tu, narudi lini, na jibu lake ni refu.

Kazi ni ileile niliyoifuata baada ya mtama wetu kuungua. Nakata majani ya ng'ombe, napogoa mibuni, nazibua mfereji. Mwenye shamba ni mjane, Mama Filomena, Mchagga wa hapahapa, mtu wa kanisani. Sitaki kujisifu, ila kabla sijafika migomba yake ilikuwa imelala kama walevi. Sasa wapita njia wanasimama kuitazama. Vibarua tuko kadhaa, na bandani nalala na mwenzangu mmoja, Severini, Mchagga wa kule Tarakea ambaye baba yake hakumwachia hata kipande cha shamba.

Basi asubuhi moja tunakamua, redio ikasema serikali imepandisha kima cha chini cha mshahara, na sisi wa mashambani tumo.

Severini akasema, "Wangeacha tu. Mama hana hela hiyo, atatupunguza."

Nikamwambia, "Wewe umezaliwa kwenye baridi, hata damu yako haichemki. Serikali ikisema imesema."

"Sawa mzee. Nani atakwenda kumwambia?"

Vibarua wote wakanitazama mimi. Umri ninao na maneno ninayo. Na mimi mke wangu nilishapiga hesabu palepale chini ya ng'ombe, kwamba kwa mshahara huo kahawa ikiisha kuvunwa nakuja kukupeleka hospitali ukatolewe ule ukungu, halafu huku sirudi tena. Nilishakuona unanitambua mlangoni kabla sijasema neno.

Severini akataka tufuatane. "Hawa ni watu wa kwetu mzee, kuna mambo yao huyajui." Nikamwambia akae na ng'ombe wake, mimi nimeshasema mbele ya mkuu wa wilaya.

Mama Filomena alinipa shikamoo, akanipa kiti na maziwa. Nikasema. Nilisema vizuri, mke wangu, ungekuwepo ungeringa. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akasema, "Mzee, kahawa unaiona mwenyewe, nyingi imekaukia mtini. Nikilipa hivyo nitabaki na watu wawili, na wewe kwa umri wako hutakuwa mmojawapo." Halafu akaenda pale kwenye kaburi la mumewe, lililozungushiwa mimea ya majani marefu ya kijani, akakata jani moja. Akanipa kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha. "Naomba, mzee wangu."

Nikajua hii ni heshima ya wazee wa huku. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikasema ahsante mama, nikalichomeka kwenye kofia, nikateremka kama bwana harusi.

Bandani wote wakaikodolea macho kofia yangu. Mama mmoja mchuma kahawa akaziba mdomo.

"Nani kakupa hilo sale?" Severini akauliza.

"Mwenyewe."

"Umelipokea?"

"Kwa mikono miwili. Nina adabu mimi."

"Basi imekwisha, mzee. Kwetu mtu akikuletea jani la sale anakuomba umsamehe. Ukilipokea, umesamehe. Tumekutuma ukadai, umekwenda kutusamehea."

Nikapanda tena mlima mbio nikamrudishie. Mama Filomena akaficha mikono ndani ya kanga. Akasema, "Sale halirudi."

Nikamwambia, "Kwetu sisi jani ni jani."

"Kweli, mzee. Lakini hapa uko kwetu."

Nikamwambia Severini twende ofisi ya kazi Moshi. Akasema nenda wewe, yeye ataishije mlimani akijulikana kuwa kasamehe kisha kashtaki. Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo baya. Wananiwekea chai, wananipisha njiani, na hawanitumi tena mahali.

Ukiniuliza kama serikali ipandishe kima cha chini, nasema ipandishe, na ikimaliza ipandishe tena. Lakini neno lile lilibaki redioni. Na hata ningelikataa jani, nadhani ningefukuzwa kazi wa kwanza. Nimegeuza huku na huku, sioni pa kutokea. Mimi sijakosea, hakuna aliyeniambia maana yake, na hilo nitalisema mpaka naingia kaburini.

Kwa hiyo msimu huu siji, na hospitali hatuendi. Najua jicho halingoji.

Nisalimie binti yetu Zainabu na mumewe. Nisalimie kaka yangu, yule fundi baiskeli, mwambie bado nina nguvu kumshinda. Dada yako muuza vitumbua naye umsalimie, pamoja na jirani aliyetuazima ng'ombe wa kulimia. Wakiuliza kuhusu mshahara, waambie umepanda. Ni kweli, redio ilisema.

Humu ndani ya bahasha kuna jani. Limeanza kukauka. Ni lilelile. Mwajuma, mwache bibi yako alishike mwenyewe, usimsaidie. Mama Zainabu, mimi sijasema nimekosa. Nyoosha tu mikono, yote miwili.

Mumeo,
Baba Zainabu