Swichi Iliyozimwa, na Kulwa Niliyemsingizia

Ibadakuli, Jumanne. Upepo wa vumbi tangu asubuhi. Dirisha nimelifunga, na uso bado unaniwaka.

Wiki iliyopita tulijaribu programu yetu kwenye mgodi mdogo karibu na Katoro. Inasoma vipima mtikisiko vilivyo chini ya ardhi na kupiga king'ora mwamba ukianza kucheza. Siku hiyo king'ora kilichelewa. Mzee Masanja, msimamizi wa mgodi, akauliza kwa nini. Wachimbaji walisimama palepale wakisubiri jibu.

Nikasema, "Ni kichujio alichoongeza Kulwa. Kinaielemea kompyuta."

Sikuwa nimepima chochote.

Kulwa, mwenzangu wa ofisini, aliinamisha kichwa. Kichujio chake, kinachotenganisha mtikisiko wa mwamba na ule wa mashine, nilikiondoa mwenyewe.

Leo nimepima. Bila kichujio, programu ni nzito vilevile. Kosa liko kwenye kipande changu cha programu, kile kinachoitwa kufanya kazi kwa kila kipimo kinachoingia. Nilikijaza mistari ya kuandika taarifa za uchunguzi, nikaiwekea swichi inayosomwa programu inapowaka na isiyobadilika tena. Imezimwa, nikajiambia, kompaila, ile inayogeuza tulichoandika kuwa lugha ya mashine, itaitupa hiyo mistari. Kweli huitupa. Ila kompaila hii, inayofanya kazi huku programu ikiendelea, hupachika vipande vidogo palepale vinapoitwa ili kuokoa safari za kwenda na kurudi. Kabla ya kupachika hupima ukubwa, na mistari iliyokufa inahesabiwa. Changu kilionekana kikubwa mno, kikaachwa nje, na kila kipimo kikalipa safari hiyo.

Nimeihamishia mistari ile kwenye kipande chake peke yake. Nimerudisha kichujio cha Kulwa. Nimejaribu hapa ofisini, na king'ora kimelia papo hapo.

Sikufurahi hata kidogo.

Nilimfuata mezani kwake nikamweleza yote. "Nisamehe," nikasema.

"Mimi nimekusikia, dada," akajibu. "Na wale wa Katoro je?"

Nikampigia Mzee Masanja mbele yake, spika wazi. Shikamoo yangu ilitoka kama ya mtoto aliyevunja chungu. Nilipomaliza, akasema:

"Vijana wangu walimcheka sana huyo bwana. Njoo uwaambie mwenyewe."

Nitakwenda Alhamisi. Nimejaribu kuandika nitakachosema, nikaona kila sentensi inaanza na kompaila. Nimezifuta zote.

Ya kwanza itaanza na mimi.