Ndama Kwenye Ukungu

Bonga, Babati

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naamini goti limepata nafuu na mvua za huko Mbulu zimekuruhusu kupanda maharage. Sisi huku ni wazima. Ziwa limejaa na perege ni wengi sokoni.

Likizo iliyopita tulibishana hadi chai ikapoa. Ulisema jeshini mlifundishwa kwamba mabomu ya nyuklia ndiyo yaliyozuia vita kubwa, kwa kuwa kila mwenye nayo anajua akipiga naye atapigwa. Niliporudi shuleni, niliipeleka hoja yako kwenye mdahalo wa wanafunzi wangu wa kidato cha nne. Ukumbi mzima uliipigia makofi.

Ndipo akasimama Conjesta, binti wa mfugaji wa Hanang. Alieleza kwamba baada ya wizi wa ng'ombe, ukoo wao na majirani walijiwekea mishale kila upande, na kweli kwa miaka mingi hakuna aliyethubutu kumvamia mwenzake. Kisha asubuhi moja yenye ukungu, baba yake alikuwa akirudisha ndama wa majirani aliyepotea. Mlinzi wa majirani hao aliona mtu anakuja mbio, akaachia mshale. Baba yake alipona, ila hadi leo anachechemea.

"Hofu ililinda amani," Conjesta alisema, "lakini haikujua kumtofautisha mwizi na mwenye kurudisha ndama."

Mishale haikutupwa, Baba. Ila wazee walikubaliana kwamba kila upande uwaruhusu wenzao waingie bomani kukagua, na anayekuja aite jina lake tangu mbali. Conjesta akaniuliza kama mataifa nayo yana watu wa kukagua. Nikamjibu kwamba wapo, ingawa si kila mlango wanafunguliwa.

Jambo moja sikumwambia yeye, wala wewe sijakuambia. Niliomba kuwa mmoja wa wakaguzi hao, na nimekubaliwa. Januari nakwenda Vienna kusomea ukaguzi wa nyuklia. Mama anajua, nilimsihi anyamaze, maana niliogopa utasema naenda kuwakagua wanyonge huku wenye makombora wakitazama. Kwa sehemu ni kweli, na inaniuma. Lakini wazee wa Hanang nao walianza na boma moja.

Jumamosi nitapanda basi nije tuzungumze ana kwa ana. Kama bado unapinga, pinga; ubishi wako utaniandaa kwa ubishi wa huko. Ninachoomba ni mkono wako kichwani kwangu kabla sijaondoka.

Mpe Mama pole ya kutunza siri, na umsalimie kaka Wilbroad na wanawe.

Binti yako akupendaye,
Fabiola